Plastiki na nguvu za kiume: hofu ipo, ila tumeielekeza kusiko

Kiswahili kina msemo mmoja, "nguvu za kiume", na msemo huo umebebeshwa mizigo mitatu. Ukitajwa, huyu anawaza jogoo aliyeshindwa kupanda mtungi. Yule anawaza mtoto ambaye mwaka wa tatu wa ndoa hajapatikana. Wa tatu anawaza misuli, ndevu, hamu, ule moto wa ujana ambao siku hizi tunauita kwa jina la maabara: testosteroni. Haya ni mambo matatu. Vyanzo vyake havifanani, vipimo vyake havifanani, na mwanamume anaweza kupungukiwa na moja huku mawili yaliyobaki yakiwa mazima kabisa.

Nimeanza na msemo kwa sababu mkanganyiko wake unawafaa watu fulani. Kuna video za aina moja zinazozunguka kwenye simu: jamaa mwenye kifua kipana anainua chupa ya maji, anaikazia macho, anatangaza kwamba hiyo ndiyo inayowamaliza wanaume. Ukimuuliza inawamaliza nini hasa, hana jibu, wala hahitaji jibu, maana kila msikilizaji ameshajijazia lake. Mwishoni anauza vidonge. Vidonge vyenyewe vimo ndani ya kopo la plastiki.

Sasa, kumcheka ni rahisi. Shida ni kwamba nyuma ya mchezo wake kuna sayansi ya kweli, ya zaidi ya miongo mitatu, na ni nzito kuliko anavyoijua yeye. Tatizo lake ni kwamba amemshika shati mtu ambaye hahusiki sana.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1936 mwanakemia Mwingereza, Edward Charles Dodds, alikuwa akitafuta kitu cha bei nafuu cha kutengenezwa maabara ambacho kingefanya kazi ya estrojeni, homoni ambayo wanawake wanayo kwa wingi. Miongoni mwa alivyovijaribu kwa panya kilikuwamo bisfenoli A, ambayo leo inaitwa BPA. Ikafanya kazi, ila kwa udhaifu. Miaka miwili baadaye Dodds akapata kitu chenye nguvu zaidi, DES, nacho ndicho kilichoingia hospitalini. BPA ikakosa kazi ya udaktari. Miaka ya 1950 ikapata kazi kiwandani: ndiyo inayojenga polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na pia ile rangi nyembamba inayopakwa ndani ya makopo ya chakula ili bati lisishike kutu. Kwa hiyo anayesema "eti wamegundua BPA ina tabia za homoni" amechelewa. Tabia hizo zilijulikana kabla haijawa plastiki.

DES nayo ina somo lake, na ningependa tulikumbuke hadi mwisho. Madaktari waliwaandikia wajawazito dawa hiyo kwa miaka mingi wakiamini inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1971 ikathibitika Marekani kwamba mabinti waliozaliwa na mama hao walikuwa wakipata saratani adimu ya uke wakiwa bado wasichana. Watoto wa kiume hawakusalimika: baadhi yao walizaliwa na korodani ambazo hazijashuka, au wakaja kuota uvimbe wa maji kwenye mirija ya mbegu. Mama alimeza, mtoto akalipa, na deni lilidaiwa miaka kumi na mitano au ishirini baadaye.

Kundi la pili la kemikali linaitwa thaleti. Hizi ndizo zinazoifanya plastiki ya PVC, ambayo kwa asili yake ni ngumu na hukatika kama ukuni mkavu, ikunjike: mipira laini, mapazia ya bafuni, zulia la plastiki, glavu, mifuko na mirija ya hospitalini. Nyingine huwekwa kwenye manukato na losheni ili harufu idumu. Jambo la kujua kuhusu thaleti ni kwamba hazijafungamana na plastiki. Zimelowa humo tu, kama mafuta kwenye kitambaa. Kikija joto, au kitu chenye mafuta, au muda mrefu, zinatoka. Ile harufu ya kitu kipya cha plastiki kilichofunguliwa sasa hivi, ambayo wengine tunaipenda, kwa sehemu ni vitu vya namna hiyo vinavyoondoka kwenye plastiki na kuja puani.

BPA hujifanya estrojeni. Thaleti zina njia nyingine, na kwa upande wa wanaume ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: zinapunguza utengenezaji wa testosteroni kwenyewe. Kwa kawaida ubongo hutuma ujumbe kupitia tezi ya pituitari, ujumbe unafika kwenye korodani, na humo kuna seli zinazoitwa Leydig ambazo ndizo mafundi wa testosteroni. Katika majaribio ya panya, thaleti kama DEHP zinaenda moja kwa moja kwa fundi na kumpunguzia zana. Ujumbe unafika, lakini kazi haitoki.

Lakini ni fundi wa nani? Hapa ndipo video za yule jamaa zinapopotea njia.

Ukimlisha panya dume mzima thaleti, utaona madhara, ila mara nyingi kwa dozi kubwa. Ukimlisha jike mwenye mimba, katika siku chache mahususi za mimba hiyo, unaona kitu tofauti kabisa. Madume wanazaliwa na korodani zilizobaki tumboni, tundu la mkojo limekaa upande wa chini wa uume badala ya nchani, mirija haijakamilika, na wakikua mbegu zao ni chache. Mkusanyiko huo umezoeleka kiasi kwamba wanasayansi wameupa jina, ugonjwa wa thaleti. Na ukimpa mama dozi ileile siku chache baadaye, baada ya dirisha kufungwa, mengi ya hayo hayatokei.

Kwa binadamu dirisha hilo linakadiriwa kuwa kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya mimba. Hesabu mwenyewe. Wiki ya 8 wapo wanawake ambao ndiyo kwanza wanagundua wana mimba. Wakati huo kijusi cha kiume kinaanza kutengeneza testosteroni yake ya kwanza, na testosteroni hiyo ndiyo inayoamua ramani: nini kiwe wapi, kwa ukubwa gani, na seli ngapi za kulea mbegu ziwekwe akiba kwa ajili ya maisha yote yatakayofuata. Ikipungua hapo, hakuna kurudia. Mtoto anazaliwa, anaonekana mzima, anakua, anaoa. Kilichopungua kilipungua kabla hajawa na jina.

Kuna kipimo cha ajabu kinachoonyesha jambo hili, nacho ni umbali kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Watafiti wa panya wamekitumia kwa miaka mingi, kwa kuwa kwa dume umbali huo ni karibu mara mbili ya wa jike, na ni testosteroni ya tumboni inayourefusha. Mwaka 2005 Shanna Swan na wenzake nchini Marekani waliwapima hivyo watoto wa kiume 85, kisha wakalinganisha na mkojo ambao mama zao walikuwa wameutoa wakiwa wajawazito. Mama waliokuwa na mabaki mengi zaidi ya thaleti fulani kwenye mkojo, wana wao walikuwa na umbali mfupi zaidi. Viwango vya mama hao vilikuwa vya kawaida tu, vya watu wasiofanya kazi kiwandani popote. Miaka sita baadaye kundi hilohilo la watafiti likapima vijana wa chuo 126 na kukuta kwamba wenye umbali mfupi walikuwa na mbegu chache.

Watoto 85 ni wachache, na mimi si mtu wa kujenga nyumba juu ya utafiti mmoja. Lakini mambo haya yanashikana mkono: tunajua kemikali inafanya nini ndani ya seli, tunaona matokeo kwa mnyama, tunaona dalili ileile kwa mtoto wa binadamu, na tuna DES kama ushahidi kwamba kitu kinachovuruga homoni za mimba kinaweza kuonekana kwa mtu mzima. Sijaona ushahidi uliojipanga namna hii kuhusu mwanamume wa miaka 35 na chupa yake ya maji.

Turudi basi kwa huyo wa miaka 35, maana ndiye anayesoma, na mizigo yake mitatu.

Mbegu kwanza. Takwimu inayotajwa sana ni ya Hagai Levine na wenzake, Swan akiwamo. Mwaka 2017 walikusanya tafiti za miongo kadhaa na kuona kwamba idadi ya mbegu katika kila mililita kwa wanaume wa nchi za Magharibi ilishuka kwa zaidi ya nusu kati ya 1973 na 2011. Mwaka 2022 wakaongeza mabara mengine na kufika 2018: kutoka milioni 101 kwa mililita hadi milioni 49. Vichwa vya habari vikalia kilio cha mwisho wa binadamu. Tuliza moyo kidogo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiwango cha chini cha kawaida kuwa milioni 16 kwa mililita, kwa hiyo milioni 49 bado inazaa vizuri tu. Isitoshe, kuhesabu mbegu ni kazi ya mtu, darubini na kioo chenye miraba midogo. Anachohesabu fundi wa mwaka 1975 na anachohesabu fundi wa leo si lazima kifanane, wala wanaume wanaojitolea kutoa manii maabara si sampuli ya wanaume wote.

Na kuna kisa cha Denmark, ambacho wapiga mbiu hukiruka. Huko vijana wanaoitwa kukaguliwa afya kwa ajili ya jeshi wamekuwa wakiombwa sampuli kila mwaka tangu 1996, maabara ileile, njia ileile. Hadi 2016, miaka 21, hesabu haikushuka. Ilikuwa ndogo tangu mwanzo, ndiyo, lakini imesimama palepale. Binafsi naamini kulikuwa na kushuka kwa kweli katika karne iliyopita, ila sina ujasiri wa kuchora mstari unaoporomoka mpaka sifuri. Na hata kama kushuka ni kwa kweli, plastiki ni mshtakiwa mmoja kwenye kizimba kilichojaa: sigara za mama wakati wa mimba, unene, dawa za mashambani, joto la kukaa kitako saa kumi kwa siku. Wote wamekuja zama zilezile.

Testosteroni ni ya pili. Utafiti wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mwanamume wa miaka 60 wa zama za karibuni alikuwa na testosteroni pungufu kuliko mwenzake wa umri uleule wa miaka ya nyuma, tofauti ya karibu asilimia moja kwa mwaka. Takwimu za afya za Marekani za 2011 na 2012 zilionyesha pia kwamba thaleti nyingi zaidi mkojoni ziliendana na testosteroni ndogo zaidi kwa baadhi ya makundi, wakiwamo wanaume wa miaka 40 hadi 60 na wavulana wadogo. "Ziliendana" ndilo neno lenyewe. BPA na thaleti hazikai mwilini. Nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Kwa hiyo mkojo wa leo unasimulia alichokula mtu jana, huku testosteroni yake ikisimulia maisha yake ya miaka kumi. Na anayekula sana vyakula vya viwandani, vilivyofungwa plastiki, mara nyingi ndiye mwenye kitambi, na kitambi kina kiwanda chake: mafuta ya mwili yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Je, ni plastiki iliyomshusha, au ni tumbo? Inawezekana ni vyote viwili. Lakini kama unataka kubashiri ni kipi kitampandisha upesi, weka pesa kwenye tumbo na usingizi.

Sasa jambo linalonikera, na nitalisema bila kuzunguka. Kijana anaogopa plastiki, anaenda kununua testosteroni ya sindano mtaani au mtandaoni ili "ajirudishie". Mwili wake ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, pituitari inanyamaza. Haitumi tena ujumbe kwenye korodani. Korodani zinasinyaa na mbegu zinakoma. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha jaribio la wanaume 271 katika nchi saba waliodungwa sindano ya testosteroni kila wiki, na lengo la jaribio lilikuwa uzazi wa mpango. Zaidi ya nusu yao walifika hatua ya kutokuwa na mbegu hata moja. Hakuna chupa ya plastiki iliyowahi kuonyesha uwezo wa namna hiyo.

Mzigo wa tatu, wa jogoo na mtungi, unahusu zaidi mishipa ya damu kuliko homoni. Sukari, presha, sigara, na hofu yenyewe ndio wenyeji wa shamba hilo. Upo ushahidi mmoja wa BPA usioweza kupuuzwa: De-Kun Li na wenzake walichunguza wafanyakazi wa viwanda nchini China walioishika BPA kila siku, wakakuta uwezekano wa matatizo ya kusimamisha ulikuwa zaidi ya mara nne ya wafanyakazi wa viwanda vingine. Ila hao walikuwa wakivuta vumbi lake hewani, kwa kiwango kilicho mbali sana na cha mtu wa kawaida. Habari hiyo ni ya haki za wafanyakazi kwanza, kabla haijawa ya chupa yako.

Maikroplastiki, yaani chembe ndogo mno za plastiki, zimeingia kwenye mjadala huu siku za karibuni kwa kishindo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico walipima korodani 23 za binadamu na 47 za mbwa, wakakuta plastiki katika kila moja. Za binadamu zilikuwa na karibu mara tatu ya za mbwa. Kwa mbwa, palipokuwa na PVC nyingi, mbegu zilikuwa chache. Kwa binadamu haikuwezekana kuhesabu kwa kuwa sampuli zilikuwa zimehifadhiwa kwa dawa. Mwaka huohuo madaktari wa Italia wakaripoti wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa kusafisha mshipa wa shingo. Waliokutwa na plastiki kwenye utando wa mafuta uliotolewa mshipani, karibu asilimia 58, walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu ya wenzao katika miaka takriban mitatu iliyofuata. Kama kuna habari ya plastiki inayopaswa kumgusa mwanamume mzima, nadhani ni hii ya mshipa kuliko ile ya korodani, na mishipa ya namna hiyohiyo ndiyo inayomlisha jogoo. Hata hivyo, tahadhari: njia ya kuchoma sampuli na kupima moshi wake, ambayo imetumika katika nyingi ya tafiti hizi, inaweza kuyachanganya mafuta ya mwili na plastiki iitwayo poliethilini, na vumbi la maabara yenyewe limejaa plastiki. Namba zitarekebishwa. Kwamba zipo mwilini, sidhani kama litabadilika.

"Basi tufanye nini?" Hapo ndipo kila makala ya aina hii hugeuka orodha ya kumi. Mimi nina jambo moja: joto. Joto likikutana na plastiki ndipo pilikapilika inapoanza. Watafiti wa Dublin walitikisa maji ya nyuzi 70 ndani ya chupa za watoto za polipropilini, plastiki inayosifiwa kuwa salama, wakahesabu hadi chembe milioni 16 kwa lita. Chakula cha moto, chenye mafuta, ndani ya kopo laini lililochubuka, kikirudishwa kwenye maikrowevu: hapo umekusanya masharti yote mahali pamoja. Kihamishie kwenye kioo au udongo, kazi ya sekunde ishirini, umemaliza sehemu kubwa ya unachoweza kufanya. Chupa nyembamba ya maji yenye namba 1 chini yake, ile ambayo jamaa wa video anaitikisa, haitengenezwi kwa BPA wala thaleti za kulainishia. Jina lake la kikemia linafanana na la thaleti, na kufanana huko kumeikosesha usingizi dunia nzima bure. Usiiache juani, basi. Inayotengenezwa kwa BPA ni polikaboneti, ambayo huwa kwenye kundi la namba 7, na ile rangi ya ndani ya kopo la bati ambalo hakuna anayelishuku. Harvard waliwapa watu 75 supu ya kopo mlo mmoja kwa siku, kwa siku tano. BPA mkojoni ikapanda zaidi ya mara kumi.

Lakini usidanganyike kwamba utajilinda kwa kuchagua vizuri dukani. Mwaka 2011 familia tano za Marekani zililishwa vyakula vibichi visivyoguswa na plastiki kwa siku tatu, na BPA yao ikashuka kwa karibu theluthi mbili. Habari njema. Miaka miwili baadaye kundi jingine likajaribu kwa familia kumi, na kwa zile zilizopewa chakula kilichoandaliwa kwa uangalifu uleule, thaleti zikapaa. Watafiti wakabaki wameduwaa, wakaanza kupima kila kiambato, hadi wakafika kwenye giligilani ya kusaga: ilikuwa imejaa thaleti, pengine tangu kwenye mashine au kifungashio mahali fulani njiani kabla haijafika jikoni. Hao ni wataalamu, wana bajeti na maabara, na walishindwa kumlinda mtu kwa siku tano. Wewe na mimi tutasoma lebo gani?

Ndiyo maana nasema swali limeelekezwa kusiko. Anayeweza kudhurika zaidi ni kijusi cha wiki kumi, na yeye hana mfuko wa kwenda nao sokoni. Mama yake anaweza kujitahidi, na ajitahidi, lakini kumpa yeye mzigo huu peke yake wakati kemikali imo kwenye giligilani ni dhuluma. Hili ni suala la sheria na viwanda, na sheria zinasuasua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku BPA kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Marekani ikafuata 2012: baada ya mtoto kuzaliwa, yaani, dirisha likiwa limeshafungwa. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikashusha kiwango kinachovumilika cha BPA mara 20,000, kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 aliyeruhusiwa mikrogramu 280 usiku wa kuamkia siku hiyo akabaki na nanogramu 14. Wajerumani walipinga, wakapendekeza kiwango cha juu mara elfu moja ya hicho kipya. Wanapogombana wataalamu kwa mara elfu moja, mwananchi asilaumiwe kwa kumsikiliza muuza vidonge. Mwishoni mwa 2024 Ulaya ikaamua kuiondoa BPA kwenye vitu vinavyogusa chakula, kwa kipindi cha mpito.

Itaondoka, na mahali pake patajazwa. Hapo nina kisa kimoja. Mwaka 1998, katika maabara ya Patricia Hunt huko Marekani, mayai ya panya jike yaliharibika ghafla. Kwa kawaida asilimia 1 au 2 ya mayai huwa na kasoro ya kromosomu. Safari hii yalikuwa 40. Kutafuta mchawi kukaishia kwenye sabuni: mfanyakazi alikuwa ameosha vizimba na chupa za maji za polikaboneti kwa sabuni kali ya sakafu, plastiki ikachubuka, BPA ikavuja. Hunt aliacha alichokuwa akikichunguza na kuanza kuichunguza BPA. Viwanda navyo, miaka ilivyokwenda, vikaleta bidhaa zenye lebo ya kwamba hazina BPA, nyingi zikiwa na binamu yake, BPS.

Mwaka 2018 kundi la Hunt likachapisha tena. Vizimba vilikuwa vya plastiki nyingine sasa, matokeo yalikuwa yameanza tena kuvurugika bila sababu inayoonekana, na walipochunguza wakakuta vizimba vimechakaa na kuna kitu kinavuja. Kilikuwa BPS.